Mitego ya Babu

Bwenini, 9 Februari

Babu mpenzi,

Shikamoo. Na Bibi mpe shikamoo yake nzima, usimpunguzie njiani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zetu matroni amezifungia kabatini mpaka tumalize shule. Hata zingekuwepo, wewe simu unaishika kama mtu aliyeshikishwa chura.

Juzi niliitwa na mshauri wa masomo. Fomu yangu ya maombi ilikuwa mezani kwake. Akauliza, "Uhandisi? Chuo kile?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani. Babu, wewe umefundisha hesabu maisha yako yote, unajua mwalimu akivua miwani kinachofuata si kitamu. Akasema chuo kile kinachuja watu kama chai, na kwamba tangu shule yetu ijengwe, walioingia kule ni wa kuhesabika na wote walikuwa na walimu wa ziada majumbani. "Sikukatazi," akasema, "ila pima kina kabla ya kuvuka. Andika na cha pili, kile cha karibu na kwenu, upate usingizi."

Nimeandika cha pili. Lakini cha kwanza sikukifuta.

Chuo chenyewe hakingoji matokeo yetu ya mwisho. Kina mtihani wake mwezi wa sita, halafu wanaofaulu wanaitwa kuhojiwa. Mwalimu wa ziada sina. Nina wewe. Nitumie yale maswali uliyokuwa ukiwapa darasa la mwisho mpaka wakakubandika jina la Msumari. Bibi ameniambia Mama aliyafanya akiwa na umri wangu. Ningemuuliza yeye mwenyewe aliyafanyaje, lakini ndiyo hivyo, hayupo.

Ni mimi,
Bi Mdogo wako


Nyumbani, 20 Februari

Bi Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako Bi Mkubwa ameinusa kwanza kabla ya kunipa. Anasema mume wake haandikiwi na wasichana ovyo. Nimemwambia huyu ni mke wa halali, nilimposa siku aliyozaliwa. Amenuna, na chai yangu ya jioni haikuona sukari.

Huyo mshauri wako msamehe. Kazi yake ni kuhesabu waliokwisha kupita. Ambaye hajapita bado, atamhesabuje? Mtu akikuuliza nafasi yako ni ngapi kwa mia, mwambie hujui, kisha rudi kwenye swali lililo mbele yako. Nimeona watoto wengi wakianguka, na walioangushwa na akili ni wachache. Wengi waliangushwa na haraka, waliobaki wakaangushwa na woga.

Maswali yamo humu. La mwisho ndilo lililomsumbua mama yako. Unajua tulimwita Chiriku kwa kusema kwake, mdomo haukupumzika. Siku aliyokutana na swali lile nyumba nzima ilinyamaza, Bibi yako akaja kumshika paji la uso akidhani ana homa. Alikataa kula mpaka alipolimaliza. Wewe kula kwanza.

Onyesha njia. Jibu bila njia ni uvumi.

Babu yako na mumeo


Bwenini, 14 Machi

Babu mpenzi,

Shikamoo.

Majibu haya hapa, na njia zake zote, hata zile nilizopotea nikarudi. La Mama limenila siku nyingi. Nilikula chakula kama ulivyoagiza, lakini sikujua nimekula nini. Jirani yangu wa kitanda cha juu anasema nilikuwa nanong'ona mistari ya swali huku natandika kitanda. Lilipofunguka nilicheka peke yangu. Halafu nikalia kidogo, sijui kwa nini. Nadhani ni kwa kuwa nilikuwa nimefika mahali ambapo Mama aliwahi kusimama.

Likizo fupi inakaribia. Nije? Natamani kukaa nawe mezani tuyafanye pamoja, wewe ukinigonga vidole kwa rula.

Bi Mdogo wako


Nyumbani, 27 Machi

Bi Mdogo wangu,

Usije. Nyumba haina miguu, utaikuta hapa hapa. Kaa huko usome.

Majibu yako yote ni sahihi. La Chiriku umelipitia njia fupi kuliko yake, na ningemwambia angekuchukia kwa wiki nzima.

Safari hii nakutumia swali la watoto, kwa sababu mitihani mikubwa huwaangusha wakubwa kwenye mambo ya watoto. Njia nimeandika mimi mwenyewe, uone jinsi kazi safi inavyopangwa. Bomba linajaza tangi kwa saa nne. Chini ya tangi kuna tundu ambalo lingeweza kulimaliza tangi lililojaa kwa saa kumi na mbili. Bomba likifunguliwa na tundu likiwa wazi, tangi litajaa baada ya muda gani? Kila saa bomba linaleta robo ya tangi. Tundu nalo ni sehemu moja ya kumi na mbili. Jumlisha: sehemu nne za kumi na mbili, yaani theluthi. Tangi linajaa kwa saa tatu.

Tazama mwandiko, tazama mpangilio. Hivyo ndivyo nitakavyo.

Babu yako


Bwenini, 8 Aprili

Babu wewe mjanja!

Shikamoo, lakini ya shingo upande.

Nililisoma swali lako nikapita. Nikanakili hadi mwisho. Kisha nikiwa nafua nguo nikasimama na sabuni mkononi. Bomba peke yake linajaza kwa saa nne, na likivuja linajaa kwa saa tatu? Tangi linalovuja linajaa upesi kuliko zima? Nikaacha ndoo hapo hapo nikakimbilia daftari. Tundu linatoa, Babu, halileti! Ni kutoa, si kujumlisha. Inabaki sehemu moja ya sita, tangi linajaa kwa saa sita.

Umenitega! Na ulivyojisifu mwandiko, ili nisitazame hesabu! Nimewasimulia darasa zima wamecheka, na mwalimu wetu amesema huyo babu yako ni mwalimu wa kweli. Nitegee zaidi. Nitaikamata yote.

Bi Mdogo wako, mtegua mitego


Nyumbani, 2 Februari

Bi Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliiweka mahali salama mno.

Umeninasa. Mwalimu anayempenda mwanafunzi wake humwachia changarawe kwenye wali, ajifunze kutafuna taratibu. Basi tangu leo kila nitakachokuandikia kikague. Usikiamini kwa kuwa kimetoka kwangu. Mkono ni mkono tu, unaweza kuteleza. Iamini hesabu.

Nafurahi kwamba mnacheka huko.

Nakuletea swali jipya, zuri sana, hujawahi kuliona. Bomba linajaza tangi kwa saa nne. Chini ya tangi kuna tundu.

Babu yako


Bwenini, 15 Mei

Babu mpenzi,

Shikamoo.

Sasa umekuwa hodari kupita kiasi. Eti swali jipya, na ni tangi lile lile! Ulitaka kuona kama nitajibu kwa kukariri. Tena hukulimalizia, ili nijiulize kinachokosekana. Na tarehe juu ya barua umeandika Februari, wakati muhuri wa posta ni wa Mei. Hilo nalo nimeliona. Je, kuna jingine lililonipita?

Nimeanza kukagua kila kitu sasa, hata mwalimu ubaoni. Wiki hii nimemkuta na kosa mara mbili. Mshauri wa masomo aliniona uwanjani akasema alama zangu zimepanda, labda, labda, nina nafasi. Alisema "labda" mara mbili, lakini miwani hakuivua.

Mtihani wa chuo ni mwezi ujao. Niombee.

Bi Mdogo wako


Chiriku mwanangu,

Umekawia.

Mama yako hataki niandike. Ananificha kalamu kama vile mimi ndiye mtoto. Hii penseli nimeipata jikoni.

Njoo umchukue mtoto. Si kwamba anatusumbua, ni mpole sana. Nikisahihisha madaftari anakaa chini ya meza amenishika soksi. Lakini jua likizama anakulilia wewe, na mimi kuimba sijui. Namhesabia. Namhesabia taratibu mpaka analala. Jana alisema "nne" kabla mimi sijafika. Mama yako hasadiki. Njoo umsikie mwenyewe.

Huyu tusimcheleweshe. Akikua tutampeleka kile chuo.

Baba yako


Bwenini, 1 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo.

Barua ya Babu iliyokuja jana nimeiweka humu, uisome. Bahasha ina jina langu kwa mwandiko wako, kwa hiyo ulijua ameandika, ila nadhani hukujua anamwandikia nani.

Niliisoma nimesimama foleni ya chakula. Mwanzoni nikacheka, nikatafuta mtego. Nikaisoma tena kutafuta mtego. Bibi, mtoto aliye chini ya meza ni mimi. Mama alikufa sijamaliza kuota meno. Babu anamwita aje.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Niambie anaumwa nini, na tangu lini. Na mitego ile, Bibi. Ilikuwa mitego?

Mtihani wa chuo umefika. Niandikie neno moja tu, nipande gari nirudi nyumbani. Chuo kitakuwepo mwakani.

Mjukuu wako


Nyumbani, 5 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba.

Mimi si mtu wa kuandika, kalamu ndani ya nyumba hii ina mwenyewe. Nitasema kama ninavyosema.

Haikuwa mitego.

Ilianza kabla hujafunga mizigo kwenda huko mwaka huu. Alikwenda kunyoa, akarudishwa na kinyozi amemshika mkono, kichwa kimenyolewa nusu. Nilidhani jua. Kisha akawa anaweka viatu kwenye jiko. Tulikwenda kwa daktari. Akamuuliza leo ni siku gani, mumeo akamjibu kwa utani, "Wewe daktari huna kalenda?" Tukacheka wote. Aliporudia kuuliza akanitazama mimi. Daktari anasema ni ugonjwa wa kusahau, na mwendo wake ni wa kwenda mbele tu.

Maswali ya kwanza aliyokutumia yalitoka kwenye madaftari yake ya zamani. La tangi alilitunga mwenyewe, alitaka akupe la kwake. Barua yako ya tangi ilipofika ilikuwa siku njema. Aliisoma, akakaa na karatasi yake asubuhi nzima kulitafuta kosa. Hakuliona. Yule aliyewasahihisha watoto wa mji mzima. Nikaenda kumwondolea karatasi, akanishika mkono akasema, "Mtoto amenisitiri, na hajui kama amenisitiri." Akaniapisha nisikwambie mpaka mtihani upite. Nimevunja kiapo kwa sababu umeniuliza, na wewe si mtoto wa kuzungushwa tena.

Usijilaumu kwa kucheka. Barua zako za kicheko alilala nazo chini ya mto.

Na usirudi. Ukija leo ukamkuta na siku njema, atakuuliza mbona hukufanya mtihani, nami nitaficha wapi uso wangu? Nenda ukaufanye. Ndicho anachokutakia siku anazokijua anachotaka.

Mke mwenzio


Bwenini, 19 Agosti

Babu mpenzi,

Shikamoo.

Nimemwomba Bibi akusomee hii kwa sauti, kwenye siku njema. Nataka uisikie kwangu, kwa sababu wewe hukuwahi kunificha alama zangu hata zilipokuwa za aibu.

Mtihani wa kuandika nilifaulu. Nilikwenda polepole kama ulivyonifundisha, nikakagua kila mstari kana kwamba umeandikwa na adui. Wakaniita kuhojiwa. Chumba kikubwa, meza ndefu, maprofesa wamekaa upande mmoja na mimi upande mwingine peke yangu. Waliniuliza hesabu, nikajibu. Wakaniuliza daraja hubebaje uzito, nikawachorea. Halafu mama mmoja mwenye sauti ya upole akauliza nani amenifundisha kukagua kazi namna ile. Nikasema babu yangu. Akatabasamu. Akasema, "Atafurahi sana, sivyo?"

Babu, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Wakaniletea maji. Nikanywa, nikajaribu tena, yakatoka machozi badala ya maneno. Maswali yaliyobaki sikumbuki niliyajibuje.

Majina yalibandikwa juzi. Langu halimo.

Hiyo ndiyo njia, na hilo ndilo jibu. Mshauri wa masomo aliniita kunipa pole. Sikuona kama amefurahi kuwa alisema kweli. Kile chuo cha pili kimenikubali, mradi nifaulu mitihani ya mwisho. Kina uhandisi pia, na ni karibu, nitaweza kuja nyumbani kila mwisho wa wiki. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ujue kwamba nilijaribu.

Bi Mdogo wako


Nyumbani, 30 Agosti

Mjukuu wangu,

Barua yako nilimsomea Jumapili, akiwa amekaa kibarazani. Alisikiliza vizuri kabisa. Alisema, "Wamepata hasara wao." Akasema uhandisi ni uhandisi, tangi halimuulizi fundi umesoma wapi. Nilifurahi, nikajua mzee wangu yupo. Machozi yalimtoka lakini aliyafuta mwenyewe.

Baada ya chakula akaniuliza, "Bi Mdogo hajaandika? Majina ya chuo hayajatoka?" Nikadhani ananitania. Nikamsomea tena. Akalia upya, zaidi ya mwanzo. Jioni akauliza tena.

Tangu siku hiyo kila akiamka anauliza majina, nami nasoma, kwa sababu ulitaka aambiwe ukweli. Na kila mara anausikia kama ndiyo kwanza. Hauzoei. Mtu mwingine hupigwa na habari mbaya mara moja, kisha akaanza kupona. Yeye hapati siku ya pili. Jana alisimama akataka koti, aende akazungumze na hao maprofesa, awaeleze kwamba ulisema "nne" kabla yake. Nilimshika mlangoni.

Mjukuu wangu, mimi nimechoka kumpiga mume wangu kwa barua yako. Naomba ruhusa niache.

Mke mwenzio


Bwenini, 6 Septemba

Bibi yangu,

Shikamoo. Acha. Acha leo leo, na barua ichane.

Nilidhani ukweli ndiyo heshima niliyobaki nayo ya kumpa. Sikujua kwamba atakuwa anaulipia kila asubuhi.

Akiuliza, mwambie nimefaulu. Mwambie jina langu limo. Najua hajawahi kumpa mtu alama asiyostahili, na mimi nilijiapia nisiwe wa kwanza. Lakini safari hii ninayeiomba alama hiyo ni mimi, Bibi, na aibu yake ni yangu.

Mitihani yetu ya mwisho inaanza mwezi ujao. Nasoma. Usiku huota nipo chini ya meza, naona soksi tu. Niandikie alivyosema. Nataka nimsikie akifurahi, hata kama ni kwa mwandiko wako.

Mjukuu wako


Nyumbani, 15 Septemba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Tuko salama. Maliza mitihani yako kwa utulivu, kisha uje moja kwa moja, usipitie popote. Kitanda chako nimekihamishia kwenye chumba cha mbele, kwa sababu chumba chako sasa ndimo anamopenda kukaa mchana, kuna mwanga. Ukija usikimbilie kumkumbatia kwa nguvu, anashtuka. Kaa naye kwanza.

Ulitaka nikuandikie alivyosema. Nilisita, lakini uliniambia nisikuzungushe.

Aliamka akauliza, "Majina ya chuo yametoka?" Nikamwambia yametoka, Bi Mdogo amechaguliwa. Basi alipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. "Nilisema mimi!" akasema. "Sikusema? Nilisema!" Miaka sijamwona na uso ule. Nami nikacheka naye, nikasahau kwamba ni uongo.

Kisha akatulia, akanywa chai yake. Akaniuliza, "Ni mtoto wa nani huyo?"

Nikamwambia ni mtoto wa Chiriku. Ni mjukuu.

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, vile anavyowaitikia wageni. "Mpe hongera zangu," akasema. "Babu yake atakuwa na furaha sana."

Nikamwambia ndiyo, anayo.

Mke mwenzio